Nyumba Iliyopelekwa kwa Sultani

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wengi kuliko paa zisizovuja, palikuwa na mji uitwao Ngwani, na katika mji huo alitawala Sultani Mahfudhi, mtu mwenye busara nyingi mno hata zikamzuia kufanya jambo lolote. Wafalme wengine huamua upesi wakajuta baadaye. Yeye hakupata kujuta maishani mwake, kwa kuwa hakupata kuamua. Akiletewa vilemba viwili achague kimoja cha kuvaa sikukuu, huvitazama hata sikukuu ikapita. Watu wa barazani kwake wakamsifu wakisema hakika huyu ndiye mpima mambo, maana kumsifu kulikuwa na pilau, na kumkosoa kulikuwa na gereza.

Basi nyuma ya msikiti wa mji huo palikuwa na nyumba kuukuu ya mawe, ya ghorofa moja, mali ya mjane aitwaye Bi Mwanatumu. Marehemu mumewe alimwachia nyumba na hakumwachia kitu cha kuitunzia. Chokaa ikabanduka, boriti zikaingia mchwa, paa la chumba cha nyuma likaanza kuvuja. Bi Mwanatumu akaona heri aiuze ingali ina kuta, apate kijumba kidogo na kitu cha kumsitiri uzeeni. Wakaja wanunuzi, wakaizunguka, wakagonga kuta kwa vifundo vya vidole, wakatikisa vichwa na kuguna kama kwamba nyumba ile imewatukana, na mmoja wao, mfanyabiashara wa ngozi, akaguna kidogo kuliko wenziwe, akataja bei nzuri.

Habari zile zikafika kwa Sultani alipokuwa anakunywa kahawa, naye akasema, "Nyumba ile huenda nikainunua." Kisha akaomba tende.

Na mila ya Ngwani ilikuwa hivi: kitu chochote alichokitamani mfalme hufungwa kitambaa chekundu, na mpaka mfalme aseme anakitaka au hakitaki, hapana ruhusa mtu mwingine kukinunua, wala mwenye mali kukitengeneza, asije akakigeuza kabla mfalme hajakiamua. Mila hiyo iliwekwa na mababu kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi akingojeshwa hula majani akanenepa, hapotezi kitu. Lakini nyumba haili, nyumba huliwa.

Kitambaa kikafungwa mlangoni kwa Bi Mwanatumu, kwa heshima zote na pembe ikapigwa. Majirani wakampongeza. Mfanyabiashara wa ngozi akaondoka na bei yake, akanunua kwingine. Ikawa masika yakaja, Sultani anatafakari. Vuli zikaja, anatafakari. Masika mengine yakaja na kitambaa kimeshapauka, naye angali anatafakari. Paa la chumba cha nyuma likaanguka lote. Mjane akahamia chumba cha kati, nacho kikaanza kuvuja. Akapeleka ombi aruhusiwe angalau kuziba tundu moja lililo juu ya kitanda chake, akajibiwa kwamba tundu hilo nalo limo katika mambo yanayotafakariwa.

Aliyelileta jibu hilo alikuwa Waziri Mshangama. Waziri huyu nyumba yake ilipakana na ile ya mjane, ukuta mmoja kati yao, kama zilivyojengwa nyumba zote za mawe za Ngwani: ukuta ni wa shirika, huku wako, huku wangu. Kila Ijumaa Sultani alipouliza, "Waziri wangu, waonaje, tuinunue ile nyumba tuitengeneze, au tuiache?" Waziri hukuna ndevu akajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Tena akaongeza kwa upole kwamba kila mvua ikinyesha bei hushuka, na mvua ni ya Mwenyezi Mungu, hapana awezaye kuiita dhuluma. Sultani akiyasikia hayo hufurahi sana, akiona kwamba uvivu wake umepata dini.

Na katika mji huo alikuwako mtu mmoja fukara, jina lake Vuai, ambaye watu walimwita mjinga kwa sababu hana kitu, na laiti angekuwa na kitu wangemwita mcheshi. Bi Mwanatumu alizoea kumpa ukoko wa wali na maneno mema, ambavyo kwa watu wengine hakuvipata. Siku moja akaenda, akamkuta mjane ameketi chini ya mwavuli ndani ya nyumba yake mwenyewe, masufuria yamepangwa sakafuni kukinga maji, na uso wake umesawijika. Vuai akamuuliza kama bado anataka bei ile ya kwanza.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanatumu, "bei nimeisahau. Nataka kujua tu kama nitafia ndani ya nyumba hii, au chini yake."

Vuai alikuwa hodari wa mzaha, lakini siku ile mzaha ulimkimbia. Akaondoka roho ikimuuma, akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani. Akasujudu, akaomba kwa unyenyekevu kwamba mfalme atamke neno moja tu, nanunua au sinunui, na lolote litakuwa rehema.

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akamnong'oneza. Kisha Sultani akasema, "Ewe Vuai, mtu mwenye akili hanunui asichokiona, wala hakatai asichokiona. Na mimi siwezi kutia miguu yangu katika matope ya mtaa ule. Basi niletee nyumba hiyo hapa ukumbini niitazame. Nikishaiona yote, nitakupa jawabu siku hiyohiyo. Na usipoileta, nitajua umekuja kunichezea, na nyumba nitaitwaa bure kuwa faini."

Watu wote barazani wakacheka, na Waziri akacheka kuliko wote, kwa kuwa cheko lake lilikuwa na kazi mbili. Vuai hakucheka. Akamgeukia Kadhi aliyeketi hapo, akamwomba awe shahidi wa maneno ya mfalme. Tena akauliza, kwa ajili ya ujinga wake, kama sasa anayo ruhusa ya kuigusa nyumba yenye kitambaa. Kadhi akajibu kwamba aliyeagizwa kuleta kitu hana budi kukigusa.

Basi asubuhi yake Vuai akaja na tenga kichwani, nyuma yake wachukuzi wa sokoni waliojitolea kwa ajili ya mjane, na kwa ajili ya kumwona Sultani usoni, jambo ambalo lina ladha yake. Wakamwaga kifusi cha lile paa lililoanguka juu ya zulia la Uajemi. Wakaleta boriti zilizooza, na mchwa wake, ambao walizipenda sana nguzo za ukumbi. Wakaleta kapu la popo wa chumba cha nyuma. Vuai akalifunua, akisema si haki mnunuzi kufichwa wapangaji. Popo wakatawanyika darini kwa Sultani, na wengine wakachagua kilemba cha Kadhi.

Sultani akajifunika pua kwa leso. Akauliza kama nyumba imekwisha.

"Bado, Bwana wangu," akasema Vuai. "Hizi ni habari zake tu."

Hapo Sultani alikuwa karibu kutamka neno, lolote lile, ili popo waondoke. Lakini Waziri Mshangama akaona windo linamponyoka. Akawaza moyoni kwamba mjinga huyu akiziendea kuta, ataibomoa nyumba yote kwa mikono yake, na mjane atabaki na kiwanja kisicho na bei. Akasimama akanena kwa sauti ya hekima kwamba mfalme ameona takataka tu, hajaona nyumba; nyumba ni kuta, na kuta ziletwe, mtu huyu asibakishe hata jiwe moja.

"Waziri amesema kweli," akasema Vuai, "nami nilikuwa naona haya kulisema. Naanzia ukuta gani?"

"Wowote," akasema Waziri.

"Mmesikia," akasema Vuai, akachukua mtaimbo wake akaenda zake.

Basi yule mjinga, wakati wa kuzoa kifusi, alikuwa amezigonga kuta zote, na ukuta mmoja haukumlilia kama wenziwe. Pahali pamoja palilia kama debe tupu, nao ni ule ukuta wa shirika. Akaenda palepale. Kila jiwe la Ngwani humtoa mwashi jasho nusu ya asubuhi, lakini pale mtaimbo ulizama kwa pigo la kwanza, mawe yakaporomoka kama mkate mkavu, na vumbi lilipotua Vuai akajiona anatazamana na mke mkubwa wa Waziri, ambaye alikuwa anasuka nywele. Vuai akageuza uso kwa adabu, akamtolea salamu za Sultani, akamwarifu kuwa amekuja kuchukua ukuta.

Kelele zilizopigwa zilifika ukumbini kabla ya mjumbe. Mjumbe alipofika, akasema kwamba mtu mwenye mtaimbo yumo chumbani kwa bibi mkubwa, anatoa mawe moja moja na kuomba radhi kwa kila moja. Waziri akajitupa miguuni pa mfalme. Akasema, "Sultani wangu, toa jawabu sasa hivi. Nunua au usinunue, ila ukuta ule uachwe."

"Je, si wewe uliyesema haraka haina baraka?" akauliza Sultani, na kwa mara ya kwanza akainuka kitini. Maana mtu ambaye hatoki kwenda kutazama nyumba, hutoka mbio kwenda kutazama aibu ya waziri wake. Akapita matopeni na viatu vyake vya hariri, Kadhi na mji mzima nyuma yake, mpaka nyumbani kwa Bi Mwanatumu.

Wakaona wote. Katika ule ukuta, kwa upande wa Waziri, palikuwa pamekwisha chongwa mlango: fremu imewekwa, bawaba zimetiwa mafuta, na pazia zuri lililotundikwa kuuficha limeangushwa chini na mawe. Upande wa mjane palikuwa pameachwa ngozi nyembamba ya mawe na chokaa, ingoje siku nyumba itakapopatikana bure. Waziri wa subira alikuwa ameshajiwekea njia ya kuingilia.

Kadhi akakohoa akasema ukuta wa shirika hauchongwi bila idhini ya jirani. Sultani akautazama ule mlango. Akatazama paa lililo wazi, masufuria sakafuni, na Bi Mwanatumu aliyesimama na mwavuli wake, ambaye hakulia wala hakushtaki, alingoja tu, kama alivyofunzwa. Naye Sultani akaona aibu, na aibu ikamfanyia ile kazi ambayo busara haikuiweza.

"Sinunui," akasema.

Akakifungua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Akamhukumu Mshangama kuliezeka paa lote, kubadili boriti, kuuziba ukuta, kisha kukizoa kile kifusi ukumbini kwa tenga, kwa kichwa chake, mchana watu wakitazama. Bi Mwanatumu aliposikia, akaketi kizingitini akalia sana. Na nyumba ilipotengenea, wanunuzi wakarudi kwa wingi na kuguna kwao. Akawaambia alitaka kuiuza kwa sababu ilikuwa inavuja. Sasa haivuji, basi aiuze ya nini? Akakaa humo hata mwisho wa siku zake, wala nyumba haikumwangukia.

Sultani naye akacheka, maana aibu ikipoa huwa kicheko. Akamwita Vuai mbele ya baraza, akamwambia achague zawadi yoyote, farasi, shamba au cheo cha yule Waziri.

"Mwenyezi Mungu akuweke, Bwana wangu," akasema Vuai. "Mimi nina kibanda cha makuti kule nyuma ya soko, ndicho mali yangu yote. Nakuomba jambo moja tu: usije ukakipenda."

Hekaya yangu imefika mlangoni. Atakaye kuingia na aingie, na atakaye kutafakari na abaki nje anyeshewe.