Jina la Mjukuu wa Elinihaki

Nisikilizeni vizuri, maana hiki kisa mimi mwenyewe kimenishinda.

Huko milima ya Upare waliishi wanawake watatu. Bi Naetwe, mjane, alijaliwa moyo wa kutoa. Daktari Sikudhani alijaliwa mikono isiyotetemeka. Nakunda alijaliwa subira, na aliihitaji, kwani mumewe Elinihaki, mpasua mbao, alijaliwa ulimi. Kilabuni alikuwa akiigiza Bi Naetwe anavyochechemea, watu wakacheka hadi machozi.

Bi Naetwe akaenda kubadilishiwa nyonga. Akaulizwa kama mfupa utakaotolewa utupwe au uhifadhiwe kwa ajili ya mgonjwa mwingine. "Hifadhini," akasema, "mimi sina kazi nao tena." Ukapimwa, ukawekwa kwenye barafu.

Mwaka uliofuata pingili za uti wa mgongo wa Elinihaki ziliteguka kiunoni. Miguu ikafa ganzi, akawa anatambaa kwenda chooni. Daktari Sikudhani alisimama saa tano akizifunga kwa skrubu, na katikati yake akajaza vipande vya ule mfupa.

"Skrubu zinashikilia tu," alimwambia baadaye. "Mfupa ndio utakaoziunganisha, na moshi wa sigara huuzuia kushika. Unavuta?"

"Niliacha zamani," akajibu Elinihaki, pakiti ikiwa ndani ya mfuko wake wa nguo.

Nyumbani, Nakunda alimwogesha, akamgeuza, akamfunga mkanda wa kiuno kila asubuhi kwa miezi sita. Siku moja aliiona ile pakiti. Aliitumbukiza chooni, kisha akahamishia cherehani yake mlangoni ili marafiki wa mumewe wasipenyeze nyingine. Elinihaki akamwita askari jela mbele ya wageni. Nakunda akaendelea kushona.

Mfupa ukashika. Siku ya picha ya mwisho ya eksirei, muuguzi mmoja akaropoka, "Mshukuru jirani yako Naetwe, mfupa huo ni wake."

Elinihaki akahisi masikio yanawaka. Alikwenda kwa mjane kwa miguu yake, akakaribishwa chai.

"Mama, nilikuwa nakuigiza kilabuni."

"Najua, baba. Nilikuwa napita nje."

Hakuweza kuimaliza ile chai.

Wiki hiyo binti yake alijifungua mtoto wa kike. "Baba, jina utatoa wewe," akamwambia. Elinihaki akataka mtoto aitwe jina la aliyemsimamisha. Lakini bila Naetwe, pasingekuwa na mfupa wa kushika. Bila Sikudhani, mfupa ungebaki kwenye barafu. Bila Nakunda, moshi ungeuharibu. Na kila jina alilolifikiria lilimkumbusha wale wawili wengine, ambao nao aliwakosea.

"Chagua umheshimu mtu," Nakunda alimwambia, "usichague ili ujisikie nafuu."

Sasa ni Jumapili ya ubatizo. Wanawake wote watatu wameketi kanisani benchi moja. Elinihaki amesimama wima, macho sakafuni, na mchungaji anamuuliza mtoto anaitwa nani.

Je, ungekuwa wewe, ungetaja jina la nani?