Pete ya Hamduni na Amri ya Alfajiri

Zama za Sultani Shahbali, mtawala wa mji wa Sarandani, hapakuwa na mwashi aliyemshinda Hamduni kwa kujenga kuba. Siku moja, akibomoa ukuta wa kale wa kasri, aliokota pete ya shaba, na alipoifuta vumbi jini akamtokea, akasema, "Labeka, bwana wangu! Mimi ni Barkashi, mtumwa wa pete. Kila siku nitakuletea kitu kimoja ukitakacho, popote kilipo duniani, na kikishafika sina amri nyingine mpaka alfajiri ya pili."

Na Hamduni akaagiza hariri kwa mkewe Mwanakheri, na tini za Shamu kwa binti yao Lulua, na nyumba ikajaa neema na vicheko. Kisha akaanguka kutoka juu ya kuba alilokuwa akimjengea Sultani, mguu ukavunjika, na kwa maumivu akaagiza afyuni, dawa ya kutuliza na kulewesha. Baada ya miezi mitatu mguu ulipona, lakini afyuni haikumwachia. Kila alfajiri, kabla hata ya kutawadha, aliisugua pete, na Barkashi akaleta donge jeusi, na Hamduni akalala kutwa akitabasamu peke yake, na kuba la Sultani likabaki wazi kwa mvua.

"Baba Lulua, leo agiza japo unga," mkewe alimsihi.

"Kesho. Wallahi, kesho."

Asubuhi moja Lulua, aliyekuwa na miaka saba, alishikwa na homa kali, na macho yakamvimba. Tabibu akasema, "Dawa yake ni maua ya mlima Kafu, nayo yamfikie kabla ya magharibi." Mwanakheri akamtikisa mumewe hata akaamka, naye akaisugua pete akilia, "Barkashi, niletee maua hayo!"

Jini akainamisha kichwa. "Bwana wangu, amri ya leo umekwisha kuitumia."

Mwanakheri akarudi kumkanda mtoto. Kesho yake maua yakaja, na homa ikashuka, na jua likiwa limejaa chumbani Lulua akauliza, "Mama, mbona hakujakucha?"

Hapo Hamduni akaivua pete, akamkabidhi mkewe. "Usinirudishie, hata nikikulilia." Na kweli alimlilia, na akamtukana, na akatapika na kutetemeka siku arubaini, na Mwanakheri hakumpa.

Akapona, akalimaliza kuba, na Sultani akamtunukia mali, na miaka ilipopita mtoto wa waziri akamposa Lulua. Siku ya arusi, bibi arusi alipapasa hata akaupata mkono wa babake.

"Baba, bado unaitamani?"

"Kila alfajiri, mwanangu."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Lulua hakuuachia mkono ule mpaka alipoitwa na bwana wake.

Hiyo ndiyo habari ya Hamduni, na mwenye kuisikia na azingatie: starehe ilikuwa yake, na aliyeilipia ni mwanawe.