Saa Kumi na Tano Zilizokataliwa

Hapo zamani, ila si zamani ya mbali, maana wote ninaowataja wangali hai, palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Subilaga. Alifundisha darasa la nne miaka kumi na minne. Aliona watoto wanaolia bila kuchapwa na wazazi wanaokuja kuuliza maendeleo ya mtoto wakaishia kusimulia ndoa zao. Akasema, "Kusikiliza nako ni kazi, nami nataka kuisomea." Akaomba ruhusa ya masomo, akaenda chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kwenye baridi na ukungu, kusomea shahada ya uzamili ya unasihi.

Chuo kilikuwa na masharti yake. Alama zisishuke chini ya B. Kila mwanafunzi akae na wateja saa mia tatu, ndani ya chumba cha unasihi, kabla ya Juni kwisha, na kila Ijumaa msimamizi wake asaini fomu. Ukipungukiwa, unarudia mwaka. Ukiandika saa ya uongo, unadisko. Ndivyo wanafunzi walivyoita kufukuzwa chuo. Ukitoa siri ya mteja, unadisko pia.

Alama, Subilaga alizipata. Saa, alizihesabu moja moja. Anakaa na mteja, anaandika. Ijumaa inafika, Dokta Kokuhirwa, msimamizi wake, anasaini. Anakaa, anaandika, Dokta anasaini. Juni ilipoingia alikuwa na mia mbili themanini na tano. Kumi na tano tu, amalize.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mama mmoja kijana, Tusekile, aliyezika mtoto mchanga mwezi wa pili. Ukweni walisema ana mkosi. Alikuja Jumanne nne mfululizo, akalia, akaondoka. Jumanne ya tano hakuja. Subilaga alimpigia simu. Tusekile akapokea, akasema maneno mawili tu: "Asante, dada." Kisha akakata.

Subilaga alisikia namna ile "asante" ilivyosemwa, akashika mkoba. Mlangoni alipishana na Lwitiko, mwanafunzi mwenzake aliyemwita dada tangu siku ya kwanza. Akamwambia, "Chumba kitumie wewe. Mteja wangu yuko pabaya, naenda kwake."

Njiani akampigia Dokta Kokuhirwa.

"Usimwache peke yake," Dokta akasema. "Kaa naye mpaka akubali kwenda hospitali."

"Na saa, Dokta? Hii si chumbani."

"Saa ni saa. Andika ilikuwa chumbani, nitasaini."

Alimkuta Tusekile amejifungia, amedhamiria kufa. Mume yuko safarini, mkwe yuko shambani na binti wa Tusekile. Subilaga aliongea kupitia mlango mpaka koo likakauka, na mlango ukafunguliwa. Siku ile alikaa saa tano. Siku ya pili saa tano. Siku ya tatu saa tano, na mchana Tusekile akajifunga khanga, akasema, "Twende." Wakaenda hospitali, akaonwa na daktari, akapewa dawa na tarehe ya kurudi.

Ijumaa ikafika. Subilaga aliandika, Dokta akasaini. Mia tatu.

Basi kamati ya maendeleo ya wanafunzi ikakaa. Mwenyekiti wake, Profesa Mlelwa, alikuwa na tabia ya kuweka fomu mbili sambamba na kuzipitisha kidole. Kidole kikasimama. Chumba kimoja, siku zilezile tatu, saa zilezile, wanasihi wawili: Subilaga na Lwitiko.

Wakamwita Lwitiko. "Nani alikuwa chumbani?"

"Mimi, Profesa."

"Na mwenzako alikuwa wapi? Unajua?"

Lwitiko akatazama sakafu. "Sijui, Profesa."

Wakamwita Dokta Kokuhirwa. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Nina wanafunzi kumi na mmoja. Nasaini ninacholetewa."

Subilaga alikuwa amekaa palepale, mbele yao. Akamtazama Dokta. Dokta akatafuta miwani mkobani.

"Mwalimu Subilaga," Profesa akasema, na hakusema kwa ukali, "kama ulikuwa na mteja mahali pengine, tupe jina lake. Tutathibitisha, litaishia humu humu."

Katibu, aliyekuwa akiandika kila neno, alikuwa shemeji ya Tusekile, mdogo wa mumewe. Subilaga alilijua hilo. Akaomba siku moja.

Akaenda kwa Tusekile. "Mdogo wangu, niruhusu nikutaje. Nisipokutaja, wananifukuza."

Tusekile alikuwa akimsuka binti yake wa miaka mitano. Mikono ikasimama kichwani pa mtoto. "Dada, ukweni wakijua nilitaka kujiua, watanichukulia huyu. Wameshasema. Ukinitaja, ulinitoa mle ndani kwa kazi gani?"

Kesho yake Subilaga alisimama mbele ya kamati, akasema, "Saa kumi na tano nilifanya kazi. Jina silitoi." Wala agizo la Dokta hakulitaja. Aliona haya kulalamika mbele ya watu waliomfundisha kusikiliza.

Barua ilikuwa na mistari sita. Ameondolewa masomoni kwa kutoa taarifa za uongo.

Alipokuwa akifunga mizigo, Lwitiko alikuja. "Dada, niseme ukweli gani? Chumbani nilikuwa mimi. Ningesema najua ulikokuwa, wangeniuliza kwa nini nilinyamaza wiki nzima fomu yako ikipita. Ningedisko na mimi, na wewe usingepona. Nisamehe."

"Hukuombwa kusema uongo," Subilaga akamjibu. "Uliombwa kusema unachokijua."

Dokta Kokuhirwa hakuja. Alipiga simu. "Nilikuagiza ukae naye, na mtu yuko hai. Hilo halihesabiki? Ningekiri pale kwamba nilikwambia uandike chumbani, wangeninyang'anya usimamizi, na wanafunzi kumi wangebaki bila wa kuwasainia mwezi wa mwisho. Nilipima, Subilaga."

"Ulipima, Dokta, ukaona mimi ndiye mwepesi." Akakata simu.

Profesa Mlelwa alikutana naye getini, akavua kofia. "Mimi sikuwa na chuki. Nilikuwa na fomu ya uongo mkononi. Nikiiacha ipite kwa sababu moyo wangu unakuamini, kesho nitamzuiaje mwongo wa kweli asikae na watu waliojeruhiwa moyo? Nilikufungulia mlango, ukakataa kupita."

Tusekile hakuja, wala hakupiga simu. Miezi ikapita, wakakutana sokoni kwenye meza za viazi. Tusekile alikuwa na mkwewe. Akamtazama Subilaga kama anayemtazama mpita njia, akauliza bei, akavuka upande wa pili.

Hata mama yake Subilaga alikuwa na lake. "Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, mwanangu? Dokta alisema andika. Wewe ndiye uliyeandika. Ungepeleka saa pungufu, ungerudia mwaka mmoja tu."

Maneno hayo yalimuuma Subilaga kuliko barua.

Lwitiko amehitimu, ana ofisi yenye zulia. Dokta anasimamia wanafunzi kumi na wanne. Profesa anaendelea kupitisha kidole kwenye fomu, na hakuna anayesema amemwonea mtu. Tusekile yuko hai, na binti yake yuko naye. Subilaga amerudi darasa la nne. Mzazi akikaa na kuanza kufungua moyo, humkatiza kwa upole: "Mimi ni mwalimu wa hesabu, mama. Tuongelee hesabu."

Haya, nyie mlionisikiliza, nimewaweka wote mbele yenu. Yupo aliyeandika, yupo aliyeagiza akakana, yupo aliyejua akasema hajui, yupo aliyeshika sheria, na yupo aliyeokolewa akanyamaza. Msiniambie wote, maana wote ni sawa na hakuna. Nitajieni mmoja: je, nani aliyemfukuza Subilaga?