Pimbi, Kiboko na Gari la Mashine ya Kusaga

Hadithi!
— Ilete!
Nimeileta, lakini haiji kwa miguu.
— Yaja kwa nini?
Yaja kwa magurudumu manne, na la nyuma linapwaya.
— Na ipite!

Basi sogeeni pembeni msije mkakanyagwa. Na wewe uliyekaa katikati ya njia na sahani yako ya mihogo, sogea, nimekuona.

Hapo kale, lakini si kale sana maana magari yalikuwepo, palikuwa na bwawa chini ya jabali. Juu ya jabali aliishi Pimbi na wanawe watatu. Ndani ya bwawa aliishi Kiboko na tumbo lake. Kiboko alikuwa na sheria moja tu, akaiita Mdomo wa Kwanza. Chochote kitakachofika pale, maji, asali, uji, muwa, lazima aonje yeye kwanza. Na kuonja kwake mnakujua? Gudu, gudu, gudu, mpaka chini ya chungu! Kisha hujipangusa na kuuliza, "Nani kwanza?"

Na wanyama wote, shingo chini, hujibu, "Wewe kwanza, Bwana!"

Kiangazi kimoja maji yalipungua, Kiboko akazidi kugaagaa, wengine wakaachiwa tope. Mwana wa mwisho wa Pimbi akanywa lile tope, akaugua tumbo siku nane. Siku zote nane mama yake alikaa naye, akimpangusa jasho. Mtoto akapona. Hasira ya mama haikupona.

Sasa, kila mwaka palikuwa na Mbio za Kutwa. Magari yanazunguka bwawa tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, na mwenye mizunguko mingi ndiye mshindi. Mshindi huomba lolote akapewa. Kila mwaka alishinda Kiboko, kwa gari lake jekundu lililotoka ng'ambo, vruuuum! Na kila mwaka aliomba kitu kilekile: sheria yake iendelee.

Mwaka ule Pimbi akapanda juu ya jiwe, akasema, "Safari hii na mimi nimo."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. "Gari unalo?"

"Nitaunda."

"Na ukishinda unataka nini, kadogo?"

"Sheria yako ife."

Kicheko kikakatika. Kiboko akamtazama Pimbi, akalitazama jabali. "Na ukishindwa, jabali ni langu la kuotea jua. Wewe na watoto wako mtajua pa kwenda."

"Sawa," akasema Pimbi.

Pimbi alikuwa mwenye mashine ya kusaga unga, ya dizeli, ile inayolia tuku-tuku-tuku toka asubuhi hadi jioni bila kuchoka. Akaing'oa mashine pale ilipofungwa. Akamwita shoga yake Nungunungu, ambaye hakosi cha kutobolea, maana zana zake anazo mgongoni. Wakaunda gari wiki tatu. Bodi la mabati na masufuria yaliyotoboka. Kiti cha dereva kinu kilichopinduliwa. Pua wakaichonga ndefu, kali, wakaipaka rangi ya njano iliyobaki kwenye kopo. Nungunungu alirudi nyuma hatua tano akalitazama.

"Shoga, hili ni gari la mbio au jiko?"

"Ni la mbio. Ila halina haraka."

Siku ya mbio ikafika. Gari lilikuwa halijawahi kutoka uani hata siku moja. Kabla ya jua, Pimbi akajaza tangi dizeli mpaka juu, akapeleka na dumu zima zaidi kambini kwake kando ya njia, amelifunga mkeka.

"Tangi limejaa," akasema Nungunungu. "Mashine hii inakunywa kama ndege. Hilo dumu la nini?"

"La mgeni," akasema Pimbi, na hakusema zaidi.

Korongo, mwamuzi, akashusha bendera. Vruuuum! Kiboko huyoo, vumbi nyuma. Wakafuata Ngiri na Mbuni kwa magari yao ya petroli. Mwisho kabisa, tuku-tuku-tuku, Pimbi juu ya kinu chake. Wanyama wakamzomea. Mmoja wao akamuuliza kama anauza unga wa dona. Machozi yalimlengalenga Pimbi, nisiwafiche, lakini mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

Lakini petroli ya Kiboko haikai. Kila baada ya muda hufika kwenye kambi za wenzake na kupiga breki. "Mdomo wa Kwanza!" Akaonja petroli ya Ngiri, gudu, gudu, gudu, tangini mwake. "Nani kwanza?" Ngiri akajibu, "Wewe kwanza, Bwana," na gari la Ngiri likakauka njiani. Akaonja petroli ya Mbuni, gudu, gudu, gudu. "Nani kwanza?" Mbuni akajibu, "Wewe kwanza, Bwana," na gari la Mbuni likakauka mbele ya lile la Ngiri.

Wakabaki wawili. Vruuuum! Tuku-tuku-tuku. Vruuuum! Tuku-tuku-tuku.

Jua la utosi, Korongo akatangaza: Kiboko mizunguko arobaini, Pimbi ishirini na mmoja. Pimbi akasimama kambini kutia maji kwenye rejeta. Alipoinua uso, jekundu lile, hilo hapo.

"Mdomo wa Kwanza!" akanguruma Kiboko. Akanywa maji ya rejeta, ndoo nzima. Akala viazi vya Nungunungu. Kisha macho yakaliangukia dumu lililofunikwa mkeka, Nungunungu amelikalia.

"Na hicho?"

"Hicho ni cha mashine yangu, Bwana," akasema Pimbi. "Hakikufai."

"Mimi? Hakinifai?"

"Hakikufai, Bwana. Chukua tairi la akiba, chukua jeki, hicho kiache."

Ngiri na Mbuni hawakumpa sababu ya kushangaa, walitoa tu. Huyu anaficha! Kiboko alivimba shingo. "Kinachokufaa wewe kinanifaa mimi mara kumi!"

"Nakwambia mara ya tatu mbele ya watu, hakikufai."

"Ondoka!" Nungunungu akaondoka, polepole, kama mwenye uchungu. Kiboko akabana pua zake kama afanyavyo akizama, akalibeba lile dumu, akalimimina lote tangini. Gudu, gudu, gudu, gudu. Hakunusa, hakuuliza. Toka azaliwe hajawahi kuuliza.

"Nani kwanza?"

Pimbi akafunga kifuniko cha rejeta, tupu. "Wewe kwanza, Bwana. Kabisa."

Vruuuum, akaondoka Kiboko. Vruum. Vru. Akamaliza mzunguko mmoja kwa shida. Kisha gari jekundu likakohoa, kho! Likapiga chafya, pwaa! Likatoa moshi mweupe kama pilau inayoungua, likaruka mara mbili, likakaa kimya. Dizeli ndani ya injini ya petroli, nyinyi mnaoendesha mnajua. Wengine muulizeni fundi wa mtaa wenu, atawaambia kwa kucheka.

Arobaini na moja ya Kiboko. Ishirini na moja ya Pimbi. Na maji ya rejeta hakuna.

Pimbi akaangalia ukingo wa bwawa. Maji safi ya katikati bado yalikuwa ya Mdomo wa Kwanza; ukingoni palikuwa na tope. Tope lilelile. Akavua kanga yake, akachota tope ndani yake, akalikamua, maji yakadondoka tone, tone, rejetani. Nungunungu akakamua, Ngiri akaja akakamua, Mbuni akaja. Hakuna aliyewaita. Rejeta ikajaa.

Tuku-tuku-tuku. Ishirini na mbili. Tuku-tuku-tuku. Ishirini na tisa. Hakuna aliyemzomea tena. Mchana ukapinda. Bati la nyuma likaanguka, likaachwa. Gurudumu la nyuma likapwaya, likaendelea kupwaya. Thelathini na sita. Watoto wake watatu walikuwa juu ya jabali, wamesimama, wanahesabu kwa sauti, na kila wakitaja hesabu wanyama chini wanairudia.

Kiboko alikuwa amefungua boneti na kuingiza kichwa chote ndani. Akakitoa kimejaa masizi. "Sukumeni!" akapiga kelele. "Sukumeni gari! Nani kwanza hapa?"

Wanyama wakaendelea kuhesabu.

"Nimeuliza, nani kwanza?"

Ngiri akainua shingo. Ilikuwa mara ya kwanza shingo yake kuwa juu mbele ya Kiboko, na alishangaa jinsi bwawa linavyoonekana kutoka kule. "Leo tunahesabu, Bwana," akasema. "Usitupoteze hesabu."

Arobaini! Arobaini na moja! Sasa wako sawa, na jua limebaki kipande kama ganda la ndizi. Mzunguko mmoja tu. Mashine imechemka, Pimbi ameungua magoti, kinu kinaruka chini yake. Kiboko akajitupa katikati ya njia, mwili mzima.

Pimbi akapunguza? Hakupunguza.

"Bwana," akapaza sauti, "gari hili lina breki ya kandambili moja, na hiyo imekatika saa tisa!"

Tuku-tuku-tuku-tuku. Kiboko akatazama ile pua ya njano, ndefu, kali. Akatazama macho ya mama yule juu ya kinu. Chubwi! Yuko bwawani.

Arobaini na mbili. Jua likazama.

"Amenidanganya!" Kiboko akalia kutoka majini. "Amenidanganya!"

"Nilikwambia mara tatu kuwa hakikufai," akasema Pimbi. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ulitaka nikuandikie?"

Korongo akakunja bendera. Akalitazama bwawa, akawatazama wanyama wamejipanga na vibuyu vyao, hakuna anayethubutu kuanza. Kwa mazoea ya miaka mingi, ulimi ukamteleza. "Haya. Nani kwanza?"

Pimbi akamshusha mgongoni mwanawe wa mwisho, aliyekuwa ameteremka mbio kutoka jabalini na kumparamia, akamwelekeza penye maji safi, mbali na tope.

"Mwenye kiu," akasema.

Na wote walikuwa na kiu, wakaenda wote.

Sasa mafunzo, maana bila mafunzo wazazi wenu watasema nawapotezea muda. Hadithi hii inatufundisha kuwaheshimu wakubwa. Mkubwa akisema anataka kuonja, usimbishie hata kidogo. Mpe aonje. Mpe dumu zima, mshikie na faneli. Inatufundisha pia kusema kweli daima, na ikiwezekana mara tatu, mbele ya mashahidi. Na uchoyo ni mbaya sana, watoto, ndiyo maana Pimbi hakumnyima mgeni wake hata tone.

Hadithi imefika, mimi nazima injini.
— Imezima?
Tuku... tuku... tu.
— Imezima!
Basi mwenye yake aiwashe, na aangalie kwanza ametia nini.