Gurudumu Moja la Mzee Togolani

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli ya gurudumu moja. Jina lake Togolani, na kwao ni Upare, milimani, kule ambako njia inaanza kupanda kabla hujamaliza kumwamkia jirani. Ujanani alishuka pwani akafanya kazi katika kikundi cha sarakasi. Siku alipochoka kupigiwa makofi na watu asiowajua, alirudi kwao na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na gurudumu, kiti, pedeli mbili, na uma wa chuma wa kuvishika vyote pamoja. Watu walipoona wakampa pole. Walidhani ameibiwa nusu ya baiskeli.

Hakuwa ameibiwa. Siku za msaragambo kijiji kizima hutoka na majembe, kwenda kuzibua mifereji na kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Togolani alifanya kazi pamoja na wenzake mpaka jua lilipopinda. Kisha akakaa juu ya kile kiti, mkono mmoja umeshika jembe, mwingine umeshika hewa, akarudi nyumbani kwake juu ya mlima. Wazee waliegemea mipini wakacheka mpaka machozi. Wakati ule njia ilikuwa ya udongo mtupu, imekanyagwa miaka na miaka hata ikawa laini. Kazi zilikuwa nzito kuliko zetu, lakini hakuna aliyetoka msaragambo akiwa amenuna. Ninazikumbuka siku zile na moyo unauma kidogo, sifichi.

Kwenye ule uma Togolani alikuwa amefunga kipande cha bati la kopo, kikawa kinaguswa na spoku. Gurudumu likizunguka, bati lililia. Mkewe, Nakundwa, alikuwa juu nyumbani akichambua maharage, na alipolisikia likianza kulia huko bondeni, aliinuka akabandika maji ya chai. Kwenye kona ya mwisho, penye mwinuko mkali, bati lilinyamaza. Hapo Togolani alikuwa akivuta pumzi bila kushuka, anayumba mbele kidogo, nyuma kidogo, juu ya gurudumu lake. Kisha bati lililia tena. Akifika mlangoni, maji yanachemka. Sijui kama wale wawili waliwahi kuambiana kwamba wanapendana. Sijui kama walihitaji.

Walikuwa na wana wawili. Mkubwa, Eliapenda, alijaribu kulipanda gurudumu mara moja, akaanguka vibaya, akasema basi. Baba hakumlazimisha. Alimpa kitambaa na mafuta, akamfundisha kulisafisha. Mdogo, Mbazi, alikuwa mwepesi wa miguu, naye alifundishwa kuliendesha. Hivyo mmoja alijua kila chuma kilivyokaa, na mwingine akajua kila jiwe la njia. Mbazi alikabidhiwa gurudumu likiwa tayari. Hakuwahi kuuliza limewekwaje tayari.

Togolani alipofariki, gurudumu lilikwenda kwa Eliapenda kwa kuwa ndiye mkubwa. Yeye alikuwa amejenga chini, karibu na ndiva. Akalitundika ukutani, akalifunika kitambaa cheupe kilichodariziwa, na kila Jumamosi akalifunua, akalipaka mafuta, akalifunika tena. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Wageni walioneshwa, wakaguna kwa heshima, wakaendelea kunywa togwa yao. Gurudumu liling'aa kuliko lilivyong'aa enzi za mwenyewe. Lakini halikulia tena.

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa na mlima ukabomoka. Ile njia laini iliondoka yote ikaingia korongoni. Watu walitoka msaragambo wakachonga njia nyingine, na waliyoipata ni hii mnayoijua: mawe, mizizi, na maji yanayokatiza popote yatakapo. Hakuna mwenye kosa. Njia za wazazi wetu huondoka, na asubuhi inayofuata bado inabidi mtu apande nyumbani.

Nakundwa alibaki juu kwenye nyumba ya mumewe. Macho yake yalififia taratibu, mwisho yakazima. Chakula kikawa hakimwingii. Wanawe walipokuja kumtazama aliwaambia neno moja. Alitaka kulisikia gurudumu la baba yao likipanda, mara moja tu, kabla hajamfuata. Hakuomba daktari wala uji. Wana wale walitazamana, na kila mmoja akajua kwamba muda si mrefu.

Mbazi akalichukua gurudumu ukutani, akalipeleka kwenye njia mpya. Hakufika hata kwenye jiwe la kwanza la maana. Tairi lilikuwa jembamba na kipara, lililozoea sakafu za pwani. Pedeli zilikuwa za mpira, zikateleza. Mikono ya pedeli ilikuwa mifupi, haina nguvu ya kupandia. Kiti kilikuwa laini, hakina mahali pa kushika mtu anapoinuka kuruka mzizi. Alianguka, akajaribu, akaanguka. Mwishoni akamwambia kaka yake kwamba gurudumu hili lazima libadilishwe, na si kidogo.

Eliapenda akamwuliza, "Ukibadilisha tairi, ukabadilisha kiti na pedeli, mdogo wangu, utampandishia mama gurudumu la nani?"

Msimcheke Eliapenda. Wengi wenu mngemcheka, hasa ninyi mliorudi juzi kutoka mjini na viatu vipya. Swali lake ni swali la haki. Lakini Mbazi alikuwa na mama asiyekula. Waligombana kwa maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana, mpaka Eliapenda akalisukuma gurudumu kifuani kwa mdogo wake. Akamwambia alichukue, ila yeye hataki kuliona. Akaingia ndani na kitambaa chake cheupe mkononi.

Mbazi alifanyia kazi yake katika kibanda cha kuhifadhia tangawizi. Alitafuta tairi pana lenye meno, la baiskeli ya kubebea mizigo ya shambani, likakataa kuingia kwenye uma. Akaupeleka uma kwa mhunzi. Wakauweka motoni, wakavukuta mpaka ukawa mwekundu, wakautanua. Alitoa mikono mirefu ya pedeli kwenye baiskeli kuukuu ya jirani ili mguu upate nguvu ya mwinuko. Alitengeneza pedeli za chuma, akazipigilia misumari mifupi ya kuuma soli ya kiatu. Alipozifunga aliona moja inakazwa kama nati zote na nyingine inakazwa kinyume. Akaikaza kinyume, asiulize kwa nini. Kiti alikishonea ngozi ya mbuzi, na mbele yake akafunga mshikio wa ndoo iliyovunjika, apate pa kushika. Ilikuwa kazi nzuri. Nimeona mafundi wengi, na nasema ilikuwa kazi nzuri. Hasara ilikuwa moja aliyoijua: uma ulipotanuka, lile bati halikuzifikia spoku tena. Alilivua akalitia mfukoni. Hasara ya pili hakuijua.

Akaanza kupanda. Tairi liliuma mawe, misumari ikashika viatu, mshikio ukamsaidia kuvuka mizizi. Watu waliacha majembe kumtazama, na wale wa zamani wakaanza kutabasamu. Lakini kabla ya nusu ya njia pedeli zilianza kucheza. Akashuka, akazikaza kwa spana, akapanda tena. Zikalegea tena. Kesho yake akazikaza kwa nguvu zake zote, spana ikamchubua kiganja, na zikalegea kabla ya mahali pa jana. Akalaumu chuma. Akalaumu misumari. Akamlaumu mhunzi, ambaye hakuwa na kosa lolote. Na kadiri alivyokanyaga kwa bidii ndivyo zilivyofunguka upesi.

Siku iliyofuata aliamua kwamba atafika, zilegee zisilegee. Kwenye kona ya mwisho, ile ya kuvuta pumzi, pedeli ya kushoto ilichomoka kabisa. Mbazi alianguka upande wa korongo. Mizizi ya mti ndiyo iliyomzuia, nayo mawe yakamchana mguu toka goti mpaka kifundo. Kutoka pale aliiona nyumba. Alimwona mama yake mlangoni juu ya kigoda, uso umeelekezwa njiani, akisubiri kitu ambacho hakikulia. Mbazi akalia kwa sauti kama mtoto. Kisha akajikokota mpaka kibandani, akalitupa gurudumu kwenye magunia ya tangawizi.

Habari zilimfikia Eliapenda upesi, maana milimani habari haisubiri mbebaji. Alikuja kibandani na kitambaa chake. Alimkuta mdogo wake amefunga mguu kwa kipande cha kanga, wala hakumkumbusha maneno ya siku ile. Alikaa chini, akaliweka gurudumu magotini, na kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kingine, ikaanza kulifuta. Baba alikuwa amemfundisha kuanza upande wa kushoto, daima kushoto. Akapeleka kitambaa kushoto. Mkono ukasimama.

"Umeligeuza," akasema.

Mbazi hakuelewa. Eliapenda akamweleza, polepole, kama alivyoelezwa yeye na baba yao, kitambaa mkononi. Gurudumu la namna hii ukilitazama halina mbele wala nyuma. Pande zote mbili zinafanana, na ukiliweka huku au kule litazunguka tu. Lakini pedeli zinajua. Ya kushoto imetengenezwa ikazwe kinyume, ili kila mguu unapokanyaga kwenda mbele, pande zote mbili zizidi kushika. Ukiligeuza, kushoto kukawa kulia, basi kila hatua ya mbele inafungua kile kinachokushikilia. Hutaanguka hapohapo. Utakwenda, tena utakwenda vizuri, na utakuwa unajifungua mwenyewe njia nzima.

Mbazi akamletea spana. Walifungua pamoja, wakaligeuza, wakakaza. Meno ya chuma yanayoshika pedeli yalikuwa yameanza kulika ila hayakuwa yamekwisha. Eliapenda aliligusa lile tairi pana, akaligusa na kiti cha ngozi ya mbuzi, akauvuta mshikio wa ndoo kuona kama utang'oka. Haukung'oka. Akasema baba angecheka sana kuona ndoo hapo, na wote wawili wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao.

Asubuhi Mbazi alipanda. Mguu wake ulikuwa umevimba, na Eliapenda alitembea kando yake mwendo wote na spana mfukoni. Haikuhitajika. Watu walifuata nyuma, kwa sababu kila mmoja alijua yule mama anasubiri nini, na kila mmoja alijua bati halimo. Kilichosikika ni meno ya tairi tu, yakitafuna kokoto. Kwenye kona ya mwisho Mbazi alivuta pumzi kama baba yake, bila kushuka, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kisha akaendelea.

Nakundwa alikuwa mlangoni. Alikuwa ameinua kichwa tangu wakiwa mbali, na paji la uso limekunjamana.

"Mlio si ule," akasema.

Eliapenda alisimama njiani. Aliogopa kumtazama mdogo wake. Lile swali lake lilikuwa limejibiwa mbele ya watu, na sasa hakulitaka jibu. Lakini mama alikuwa bado anasikiliza. Alikuwa ameisikia ile kona, jinsi gurudumu lilivyosita, likayumba, likapata pumzi, likaja. Kunjo za uso zikaachia. Akageukia ndani, kwa mjukuu wake aliyekuwa jikoni.

"Mwendo ndio ule. Bandika maji."

Maji yakabandikwa. Mavuno ya tangawizi ya mwaka ule hakuyafikia, lakini chai ile aliinywa yote, wanawe wamekaa huku na huku, na gurudumu limeegemezwa kwenye mwimo wa mlango, tope likidondoka. Jumamosi Eliapenda alikuja kulifuta. Kile kitambaa cheupe hakukirudisha ukutani.

Enyi mnaobadilisha kila kitu, na enyi msiobadilisha chochote, njia ya zamani imekwisha kwenda korongoni na mlangoni kuna mtu anasikiliza: nani kati yenu atafika kwake peke yake?