Kuzunguka si Kupotea

Je, mtu anaweza kuupa mgongo mji anaouendea, na bado akaufikia?

Alinda ndiye aliyeuliza hivyo, kisu cha kumenyea ndizi kimetulia mkononi. Vijana wenzake, waliokuwa wakiandaa chakula cha harusi, walikuwa wamemsikia jirani akisema, "Kuzunguka si kupotea," na hakuna aliyejua msemo huo ulikotoka.

"Swali hilo hata mimi lilinishinda siku ile, na nilikuwa mjumbe wa kamati," akasema Ma Kokunura, mkubwa wao hapo jikoni. "Menyeni, nami niseme. Kuzunguka si kupotea: methali hii ilianza hapa hapa Kanyigo, na ilianza hivi."

Kemilembe alipata nafasi ya kusomea utabibu wa mifugo katika chuo kimoja cha Hungaria. Ada na malazi vilikuwa juu ya chuo. Nauli peke yake ndiyo waliyomwachia. Sharti lilikuwa bayana: asiyefika kabla ya usajili kufungwa, nafasi yake hupewa mwingine. Naye hakuwa ametamani kazi nyingine tangu utotoni, alipomwona ng'ombe wa nyumbani kwao akifa kwa ugonjwa ambao dawa yake ipo.

Huku kwetu msafiri wa mbali haondoki kimya kimya, husindikizwa. Mjomba wake, Ta Muganyizi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kumsindikiza hata kabla tiketi haijapatikana. Kamati ikapitisha kwamba binti aondoke Jumamosi, siku ambayo watu hawako kazini, na aondokee Dar es Salaam, ambako ndugu walikwisha kushona sare za kitenge. Ndivyo walivyoondoka wote waliomtangulia.

Basi Kemilembe akatafuta tiketi ya Jumamosi kutoka Dar es Salaam. Kila asubuhi alipanda kilimani, mahali mtandao unapokamata, akaifungua simu yake. Nauli ilikuwa juu ya uwezo wa ukoo mzima, na kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa wakisafiri msimu huo, ilizidi kupanda. Alijaribu shirika hili, akajaribu lile. Siku na uwanja hakuvigusa, maana vilikwisha kuamuliwa na wakubwa.

Hatimaye Ta Muganyizi akamwita.

"Mwanangu, tumejitahidi. Mwaka kesho nao ni mwaka."

"Chuo hakitanisubiri, mjomba."

"Basi Mungu hajapanga."

Neno hilo alilirudia usiku kucha. Asubuhi, kilimani, alijiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: ni nani aliyesema safari hii lazima ianzie Dar es Salaam? Akaifuta Jumamosi. Akaifuta Dar es Salaam. Akaandika Entebbe, uwanja ulio ng'ambo ya mpaka wa Uganda, ambao kwa mtu wa Kanyigo uko karibu zaidi kuliko Dar, kisha akaomba aonyeshwe nauli za mwezi mzima.

Siku moja ya Jumanne ikajitokeza, nauli yake chini ya nusu ya ile ya Jumamosi. Ndege ingepitia Addis Ababa, kisha abiria wangesubiri kutwa nzima Istanbul, ndipo wafike Budapest. Mzigo ulioruhusiwa ni begi moja, tena dogo. Lakini tiketi ilikuwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Ndege moja ikichelewa, angepandishwa nyingine. Akaisoma mara mbili, akateremka mbio.

Jioni kamati ikakaa.

"Entebbe?" akashangaa Ta Muganyizi. "Ulaya imehamia Masaka ya Uganda lini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Tena Jumanne! Mtoto wetu apite kichochoroni siku ya kazi, kama mwizi wa kuku?"

"Mutukula si kichochoro, mjomba. Ni mpaka wa serikali mbili."

"Na ndugu wa Dar, na vitenge vyao?"

"Wavivae, wapige picha, wanitumie." Kemilembe akawageukia waliokaa mkekani. "Samahanini, wazazi wangu. Kati yenu, nani angefika Dar es Salaam kunisindikiza?"

Wakatazamana.

"Na Mutukula je?"

Bibi yake, mama yake Ta Muganyizi, akainua mkono. "Mutukula mimi nafika. Wajukuu wangu wote walioondoka nimewaagia hapa uani. Sijaona hata mmoja akivuka kwenda ng'ambo."

"Lakini mama," Ta Muganyizi akasema, sauti imepungua, "huku Addis, huku Istanbul. Mtoto atapotea."

"Muganyizi, kijito kikifurika, kwenda kisimani tunapita wapi?"

"Kwa daraja la juu, tunakipa kisima mgongo kwanza."

"Ulishawahi kulala na kiu kwa sababu hiyo? Kuzunguka si kupotea."

Jumanne hiyo ngoma zililia Mutukula. Askari wa mpakani akauliza ni harusi ya nani, akajibiwa, "Ya ng'ombe na mbuzi, daktari wao anaondoka!" Jirani mmoja alimsukumia Kemilembe kopo la senene, wale panzi wa kukaanga.

"Begi limejaa, mama."

"Senene wana uzito gani? Hawa huruka wenyewe!"

Bibi yake akamshika mkono mpaka mstari ambao wasiosafiri hawaruhusiwi kuuvuka, akasimama hapo akimtazama akigongewa muhuri, akivuka, akipunga. Kemilembe akasinzia kwenye kiti huko Istanbul, akala senene, na akafika chuoni usajili ukiwa bado wazi.

Mwaka uliofuata, Byera, mtoto wa Ta Muganyizi mwenyewe, akapata nafasi ya masomo Malesia. Kamati ikakutana tena, na mjumbe mmoja akaanza kuitaja Jumamosi na Dar es Salaam. Ta Muganyizi akasimama.

"Jumamosi ifuteni," akawaambia. "Mwanangu ataondoka siku ambayo nauli inatuwezesha, kwa uwanja wowote tunaoweza kuufikia, nami nitamsindikiza mpaka pale miguu yangu inaporuhusiwa. Kuzunguka si kupotea."