Kaskazini ya Serikali

Palikuwa na mtu mjini Tabora, Feruzi kwa jina, mwenye kamera kuukuu na macho mawili, vyote vitatu vikielekea kustaafu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kustaafu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masjala, akirudisha fomu za watu kwa kosa la kutumia wino usiotakiwa.

Zamani, kabla cheo hakijamlemea, Feruzi alipiga picha za nyota uani kwake. Kisha akaacha. Hakuacha siku moja. Aliahirisha tu, mpaka kuahirisha kukatimiza miaka kumi na saba. Mwaka huu daktari alimwambia kuwa ana presha ya macho, na kwamba sehemu ya kuona ikishapotea hairudi. Jioni ile akatazama magharibi, akakitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima hukitumia kujua majira. Ujanani alihesabu humo nyota saba. Sasa aliona doa, kama alama ya kidole kwenye kioo. Akataka picha moja tu ya Kilimia, nyota zikiwa nukta nukta, aikuze, aishike mkononi, azihesabu wakati bado yu miongoni mwa wanaohesabu. Ilikuwa mwezi wa nne. Kila jioni Kilimia kilizidi kushuka. Baada ya wiki chache kingezama pamoja na jua, kisionekane tena mpaka alfajiri za mwezi wa sita. Daktari hakuahidi kwamba jicho litangoja.

Akavitoa vyombo vyake uvunguni. Kamera ilikuwa ya dijitali, ya zile za mwanzo, kioo cha nyuma kimepasuka, betri ikimudu picha nne ndipo izimie. Tena zilikuwapo mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, zikiwa na skrubu ndefu ya kuuinua ubao wa juu. Nyota hazitulii, huelekea magharibi kama jua. Ukiiacha kamera imetulia dakika nne, kila nyota hutoka mchirizi. Kwa hiyo kamera hufungwa juu ya ubao wa juu, na mwenyewe huizungusha skrubu mzunguko mmoja kwa dakika, ubao ukainuka taratibu, kamera ikazifuata nyota zinakokwenda. Sharti ni moja: bawaba ilale sawasawa, kusini kwa kaskazini.

Zamani alikuwa na dira, nayo ilikuwa imepotea. Lakini mtu aliyeswali miaka sitini anahitaji dira ya nini? Kwao, ukiuliza kaskazini ni wapi, mzee hukwambia ni kibla, na mazungumzo yakaishia hapo. Uani palikuwa na mstari uliochorwa kwenye saruji, wa kutandikia mkeka wa sala. Feruzi akailaza bawaba juu ya mstari huo, akaanza kuzungusha.

Picha zote nne zikatoka michirizi.

Tangu hapo hakutulia. Jioni ya pili alizungusha haraka zaidi, ya tatu polepole zaidi. Akaipaka skrubu mafuta, akaifuta, akaipaka tena. Akamkataza mkewe Nyamizi kupita uani, eti hatua zake zinatikisa mbao. Mchana alizunguka nyumba akihesabu sekunde kwa sauti. Mezani aliinuka kabla ya kunawa, akaenda kutazama mawingu ambayo hayakuwa na habari naye. Akailaumu betri. Akayalaumu macho, nayo yalikuwa na mengi ya kujibu, ila si hilo.

"Baba Zuhura," Nyamizi alimwambia kutoka dirishani, "ungekuwa unakoroga uji kwa haraka hiyo, tungekwisha kula ukoko."

Akaongeza bidii. Alikuwa amekagua kila kitu, isipokuwa kile ambacho hakuwa na shaka nacho.

Sasa, mtaa haukosi macho, hata ya watu ambao macho yao hayaumwi. Mtu alipeleka habari kwamba uani kwa Mzee Feruzi kuna mtambo wa mbao wenye jicho, na kila magharibi mzee anaunyonga. Akaja mtendaji wa mtaa, Bwana Lutengano, mwenyeji wa Rungwe, na fomu mkononi. Fomu ilikuwa ya kutoa taarifa ya mtambo wowote usio wa kawaida. Iliuliza kama mtambo unaendeshwa kwa umeme, mafuta au ng'ombe. Iliuliza unahudumia kaya ngapi. Mwisho ilidai mchoro wa kiwanja wenye mshale wa kaskazini.

Feruzi aliijaza kwa raha ya mtu aliyerudi kijijini kwao. Penye kaya akaandika: moja, na haijaridhika. Akachora ua, mbao, choo na mshale. Kesho yake fomu ikarudi.

"Shikamoo mzee wangu," alisema Lutengano. "Nimeikataa. Mshale wako umelewa."

"Marahaba. Umelewa vipi? Huko ndiko kaskazini."

"Kaskazini ya serikali iko hivi." Akakunjua ramani ya viwanja, akaiweka juu ya mchoro. Mshale wa Feruzi ulikuwa umelalia mashariki, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

"Kumbe serikali ina kaskazini yake?"

"Serikali ina kila kitu chake, mzee. Rekebisha, unirudishie kabla ya Ijumaa."

Feruzi akaapa kwamba ndiyo kibla ile, kwamba baba yake aliielekea, kwamba msikiti mzima unaielekea, na kama ramani haikubali, basi ramani ikatawadhe kwanza. Nyamizi alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Aliutua ungo.

"Kibla inakupeleka Maka, Baba Zuhura. Hizo nyota zako, nani kakwambia zinakwenda Hija?"

Lutengano akaanza kuikunja ramani; Feruzi akaishika pembe, asiikunje.

Jioni ile alizisogeza mbao kwa kuifuata ramani, mbali na mstari wa mkeka, upana wa kiganja tu kwenye ncha ya bawaba. Mstari wenyewe hakuufuta. Alikuwa ameswali Magharibi juu yake muda mfupi uliopita, na sala ile haikuwa na kasoro. Mawingu yakakaa siku tatu. Siku tatu hizo hakulala vema, kwani Kilimia kilikuwa kimebakiza kidogo tu kufikia paa la jirani. Siku ya nne mbingu ikafunguka kabla ya Isha. Akazungusha skrubu mara nne kwa dakika nne. Akaweka jicho la kushoto, lililo zima kidogo, karibu kugusa kioo kilichopasuka.

Zilikuwa nukta. Alihesabu saba, akapita saba, akafika kumi na tisa, betri ikazima akiwa bado anahesabu. Picha ilibaki ndani; wiki ile ile aliipeleka studio ikachapwa, kubwa kama kalenda ya ukutani. Jioni mbili baadaye Kilimia kikapotea nyuma ya paa.

Nawaambia ninyi mnaonisikiliza, maana wengi wetu ni watu wa bidii: tunaamka mapema, tunazungusha, tunapaka mafuta, na maisha yakitoka mchirizi tunaulaumu mkono, au kamera, au mke anayepita. Feruzi hakuwa mvivu, wala kibla haikukosea. Yeye aliipa kazi isiyo yake, na kwa kuwa ilikuwa kweli mahali pamoja, hakuona haja ya kuikagua mahali pengine. Ilibidi akosolewe na fomu. Je, wewe, lile jambo unaloliamini kuliko yote, uliliwekea ramani juu yake lini?